Kabla ya Kufunga Mizigo ya Tunisia



Juma hili twajibu barua ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, akaaye katika mji ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Jina lake hatulitaji, maana ndivyo alivyoomba. Yeye na bibi yake watatimiza miaka 25 ya ndoa mwaka ujao. Mtoto wao wa kwanza yuko Tunis, mji mkuu wa Tunisia, naye atamaliza masomo yake mwezi wa saba. Muda wa miaka minane baba na mama wameweka akiba kidogo kidogo, ili waende kumwona mtoto na kupumzika huko majuma mawili katika likizo ya mwezi wa nane.

"Mimi", aandika mwalimu, "nataka kuiona nchi yote, toka bahari mpaka jangwa la Sahara. Bibi yangu asema yamtosha kukiona chumba alalamo mtoto, na mahali walipouawa Watakatifu Perpetua na Felisita. Mjomba wangu asema tumerukwa na akili: fedha hiyo inunue mabati. Tena tumesikia kwamba watu weusi huteswa kule. Tufanye nini?"

Barua hii tumeisoma mara mbili. Twaijibu hapa gazetini, kwa sababu twajua si nyumba moja tu inayojiuliza maneno ya namna hii.

Mabati ya mjomba

Tuanze na mjomba, maana hakusema upuzi. Nyumba ikivuja, au malipo ya shule ya wadogo yakiwa hayajatolewa, safari na ingoje. Tena mtu asikope fedha kwa ajili ya kupumzika: siku 14 za raha zikilipwa kwa miezi mingi ya deni, hayo si mapumziko tena. Lakini kama paa ni zima na wadogo wamelipiwa, basi mwalimu aliyesimama mbele ya ubao miaka yote hiyo, na mama aliyelea watoto na kulima bustani, hawakosi neno wakipumzika pamoja mara moja katika maisha yao. Mjomba aelezwe hivyo kwa heshima, tena aelezwe kabla ya kununua tikiti, wala si baadaye.

Fedha iliyopo igaweni leo katika bahasha tatu. Ya kwanza ni ya njia: pasipoti, viza, tikiti za kwenda na kurudi. Ya pili ni ya kukaa: malazi, chakula, gari moshi, viingilio vya mahali pa kale. Ya tatu haina kazi yoyote iliyopangwa. Ni ya ugonjwa, ya ndege iliyokosekana, ya siku moja isiyotazamiwa. Bahasha hiyo ikirudi nyumbani bila kuguswa, hapo mtamnunulia mjomba mabati yake.

Hati kwanza, tikiti baadaye

Tunisia si jirani. Toka ziwa letu mpaka Tunis ni kama kilomita 5,000 kwa mwendo wa ndege, wala hakuna ndege itokayo kwetu na kushuka kule moja kwa moja. Wengine hupitia Istanbul, wengine Casablanca, wengine Cairo. Basi msiulize Tunisia tu inataka hati gani. Ulizeni pia mji mtakaobadilishia ndege, maana nao una sheria zake, hasa kama mtalala humo usiku mmoja.

Habari za viza ziulizeni mapema kwenye ubalozi wa Tunisia ulioko Kinshasa, miezi minne au mitano kabla ya safari. Mtoto aandike barua ya kuwaalika, atie na nakala ya kibali chake cha kukaa na ya hati ya shule. Hata kama hamkudaiwa, hati hizo zitawasaidia mlangoni mwa nchi, afisa akiuliza mnakwenda kwa nani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau, maana Kongo yenyewe yaidai kwa kila mtu anayeingia. Na neno hili mlikaze sana: msinunue tikiti isiyoweza kurudishiwa fedha kabla viza haijagongwa katika pasipoti.

Majira ya joto

Wenye hiari ya kuchagua mwezi huenda Tunisia toka mwezi wa tatu mpaka wa tano, au toka mwisho wa mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja. Hapo jua ni la upole, na katika vuli tende huvunwa kwenye mitende ya kusini. Yafaa pia kutazama Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11. Si mwezi mbaya kwa mgeni, lakini mchana mikahawa mingi hufungwa, na saa za kazi hupunguzwa.

Lakini walimu wa Kongo hawana hiari hiyo. Likizo kubwa yaangukia mwezi wa saba na wa nane, na miezi hiyo ndiyo yenye joto kuliko yote kule. Mjini Tunis joto hupita mara nyingi digri 35. Kusini, huko Tozeur na Douz kwenye mlango wa jangwa, hupita 40. Kwa hiyo, Baba Mwalimu, Sahara yako twaikata leo kwa kalamu nyekundu. Kwenda jangwani mwezi wa nane, na bibi aliyekwisha kupita miaka 45, ni kununua ugonjwa kwa fedha yako mwenyewe.

Iliyobaki igeuzeni kwa saa. Tokeni nyumbani mapema, saa moja ya asubuhi, rudini kabla ya saa sita, kuleni, laleni, tokeni tena saa kumi na moja jioni, pepo za bahari zikivuma. Wenyeji nao ndivyo wafanyavyo. Katika miezi hiyo miwili maofisi ya serikali hufanya kazi asubuhi tu. Saa yenyewe haitawasumbua sana: Tunis iko nyuma ya mashariki ya Kongo kwa saa moja.

Mahali machache, siku nyingi

Tunisia ni ndogo. Kongo yaweza kuimeza mara 14. Ndiyo maana wageni wengi hudanganyika, wakidhani wataimaliza yote kwa majuma mawili. Sisi wenyewe tulidanganyika hivyo. Siku moja tulitaka kuona miji mitatu toka alfajiri mpaka jua kutua. Tukafika Kairouan alasiri, tukaukuta mlango wa msikiti mkubwa umefungwa kwa wageni, maana saa za wageni ni za asubuhi. Hatukuwa na wa kumlaumu: hatukuuliza. Tukautazama ukuta kwa nje, tukarudi tumechoka, wala hatukuona vema hata mji mmoja kati ya ile mitatu.

Basi twawashauri hivi. Siku tatu za kwanza kaeni Tunis na mtoto. Pumzikeni, onjeni chakula, tembeeni mji wa kale uitwao medina pamoja na njia zake nyembamba za mafundi na wauza marashi. Jumapili nendeni Misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, lililofunguliwa mwaka 1897 katika barabara kubwa ya Habib Bourguiba. Mtawakuta humo wanafunzi wengi waliotoka nchi za Afrika iliyo kusini ya Sahara. Siku nyingine, isiwe Jumatatu, nendeni makumbusho ya Bardo, yenye picha za Kirumi zilizopangwa kwa vipande vidogo vya mawe ya rangi. Nyumba hiyo ilishambuliwa na watu wenye silaha mwezi wa tatu mwaka 2015, ikafungwa tena miaka miwili, ikafunguliwa mwaka 2023.

Siku ya nne itoeni yote kwa Carthage. Gari moshi dogo laanzia katikati ya Tunis, lapita La Goulette na Carthage, laendelea mpaka La Marsa. Sehemu yake ya kwanza ilijengwa mwaka 1872. Tikiti moja ya magofu hutumika mahali kadhaa, basi itunzeni. Anzeni na uwanja wa mashindano, mapema, kabla ya joto. Msitazamie majengo makubwa: yamebaki mawe, mviringo wa udongo, na miti. Lakini tarehe 7 mwezi wa tatu mwaka 203 watu walijaa mahali hapo kuwatazama Wakristo wakitupwa kwa wanyama wakali. Perpetua alikuwa na miaka kama 22, mwenye mtoto anyonyaye. Felisita alikuwa mtumwa, aliyejifungua mtoto wa kike gerezani siku chache kabla ya kufa. Mama, ulisema mahali hapo pakutosha; nasi twasema hukukosea. Kaa hapo muda upendao, na Baba asiangalie saa yake.

Kisha pandeni kilima cha Byrsa. Kanisa kuu la Mtakatifu Ludoviko, lililojengwa kwa amri ya Kardinali Lavigerie na kuwekwa wakfu mwaka 1890, lingali limesimama, ijapokuwa halisomewi Misa tena: kwa mapatano ya mwaka 1964 kati ya Tunisia na Kiti Kitakatifu, makanisa mengi yalikabidhiwa serikali. Lavigerie ndiye aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868 huko Algiers, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe. Wa kwanza wao walisafiri mwaka 1878, wakafika Ziwa Tanganyika mwaka 1879. Ninyi watu wa ziwa, mkisimama kilimani hapo, mtakuwa mmeifuata njia yao kwa kurudi nyuma. Mwisho shukeni kwenye mabafu ya Antonino, kando ya bahari kabisa, mpate upepo.

Tarehe 15 mwezi wa nane, siku ya Kupalizwa Mbinguni, nendeni La Goulette. Zamani wavuvi waliotoka Sicily walikuwa wakiitembeza huko sanamu ya Bibi Maria wa Trapani mpaka baharini. Desturi hiyo ilikoma baada ya wengi wao kuondoka nchini. Mwaka 2017 ilianzishwa tena kwa unyenyekevu, katika uwanja wa kanisa. Ulizeni parokiani saa ya ibada.

Baada ya siku saba au nane, pandeni gari moshi mwende Sousse, kilomita 140 kusini ya Tunis. Hapo pana mji wa kale wenye kuta, na pwani ya mchanga. Toka Sousse, asubuhi moja nendeni kwa reli mpaka El Djem, mwone uwanja wa Kirumi wa karne ya tatu, uliokuwa na nafasi ya watu kama 35,000. Huo si udongo mtupu kama wa Carthage. Wasimama juu ya nyumba za mji kama mlima. Asubuhi nyingine nendeni Kairouan, mji uliojengwa na Waarabu mwaka 670. Safari hii mfike mapema kuliko sisi. Njia ya huko ni gari la abiria wanane, waliitalo "louage". Halina saa, huondoka likijaa. Lenye mstari mwekundu huenda miji ya mbali, lenye mstari wa buluu huenda ndani ya jimbo.

Siku nne zinazobaki msizipangie kitu. Kaeni pwani. Siku mbili za mwisho mwe Tunis tayari, ndege isije ikawakosa.

Fedha, chakula na adabu

Fedha ya huko ni dinari. Dinari moja ina milimu 1,000, basi soma vema namba zilizo nyuma ya mkato. Faranga zetu hazibadilishwi kule: chukueni euro au dola, noti safi zisizochanika. Dinari haziruhusiwi kutolewa nchini wala kuingizwa. Kwa hiyo badilisheni kidogo kidogo katika benki, na karatasi ya benki mwitunze, ili mwisho mweze kurudishiwa fedha yenu.

Chakula hakitawashinda. Watakula kuskus pamoja nanyi, na samaki, na zeituni, na mkate mwingi. Pilipili yao iitwayo harissa yaletwa mezani hata kabla ya kuagiza. Ionjeni kwa ncha ya kijiko. Kifaransa kitawatosha karibu kila mahali mjini, na Kiswahili chenyewe kitawachekesha: mtasikia sukari, asali, kitabu, dakika, maneno ya Kiarabu tuliyoyafanya yetu. Salamu yao ni "aslema", na kuaga ni "beslema". Asemaye aslema kabla ya kuuliza bei hupata bei nyingine.

Mkiingia uani mwa msikiti, funikeni mabega na magoti, na mama awe na kitambaa cha kichwa. Ndani penyewe pa kusalia asiye Mwislamu haingii. Msisukumane na mlinzi kwa jambo hilo. Watu msiwapige picha bila kuwaomba. Na askari, ofisi za serikali na vituo vya polisi msivipige picha kabisa.

Neno lililo zito

Sasa twafika kwenye swali lenu la mwisho, nalo hatutalifunika.

Mwezi wa pili mwaka 2023 rais wa Tunisia alitoa maneno makali juu ya wahamiaji weusi, akisema kuna njama ya kuibadili sura ya wakaaji wa nchi. Siku zilizofuata watu weusi walipigwa, walifukuzwa kazini na katika nyumba walizopanga, hata wanafunzi wenye hati kamili. Guinea, Ivory Coast na Mali zilituma ndege kuwarudisha raia wao. Mwezi wa saba mwaka huohuo, baada ya ugomvi na kifo katika mji wa Sfax, mamia ya watu weusi walipelekwa kwa nguvu mipakani na kuachwa jangwani. Hayo yalitokea. Asemaye hayakutokea asiwaongoze.

Lakini kuna mengine ambayo nayo ni ya kweli. Nchi hiyohiyo ilifuta utumwa mwaka 1846, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta katika makoloni yake. Mwaka 2018 bunge lake lilitunga sheria ya kuwaadhibu wenye kuwabagua wengine kwa rangi. Wako Watunisia weusi, raia wa tangu mababu, hasa kusini. Tena mwaka ule wa 2023 Watunisia wengi walitembea barabarani mjini Tunis kupinga maneno yale, na wengine waliwapelekea chakula wageni walioogopa kutoka nje. Nchi si mtu mmoja.

Basi fanyeni hivi. Mwezi mmoja kabla ya safari, mpigieni mtoto simu, lakini msimwulize, "Je, kuna amani?" Mtoto mwenye hamu ya kuwaona wazazi atajibu "iko". Mwulizeni maneno madogo: Je, wapanda gari la usiku? Je, mwenye nyumba akusalimu? Je, mara ya mwisho polisi walikusimamisha lini, na walisema nini? Majibu hayo yatawaonyesha zaidi. Mwulizeni pia padri wa parokia anayosali. Wakiwaambia ngojeni, ngojeni. Fedha iliyo katika bahasha haiozi.

Mkienda, pasipoti na viza ziwe mwilini kila mtokapo, na nakala zibaki nyumbani kwa mtoto. Laleni kwake, au katika hoteli inayoandika majina ya wageni kitabuni. Msitembee usiku katika mitaa msiyoijua. Sfax na pwani zake, ambako wahamiaji hungojea mashua za kwenda Italia, pitieni mbali. Mkisimamishwa, jibuni kwa upole na kwa Kifaransa safi, mtoeni mtoto simu yake, wala msikimbie.

Mwalimu, twajua maneno haya yamekuuma. Mtu aliyeweka akiba miaka minane hapendi kuambiwa abebe hati mfukoni kama mshitakiwa. Nasi hayatupendezi. Lakini ni afadhali uyasikie sasa, mezani kwako, kuliko kuyajifunza barabarani mbele ya bibi yako.

Mwisho

Ukihesabu, tumekunyima jangwa, tumekunyima kisiwa cha Djerba ambacho hata hatukukitaja, tumekuachia miji michache, bahari, na siku nne tupu. Bibi yako, naye, hatukumnyima kitu, kwa kuwa aliomba mawili tu: chumba cha mtoto na mahali pa mashahidi. Tumelitafakari jambo hilo tulipoandika jibu hili. Mwenye kutaka nchi yote hurudi na picha nyingi. Mwenye kutaka mambo mawili huyapata.

Jioni hii kaeni ninyi wawili, mchukue karatasi, na kila mmoja aandike mambo mawili asiyotaka kuyakosa. Mambo hayo manne ndiyo safari yenu. Mengine yote ni nyongeza, na yakikosekana msigombane.

Tena mkirudi, tuandikieni. Twataka kujua mama alisema nini alipokiona chumba kile, na kama mjomba aliyapata mabati.